Wauza Wi-Fi ya vocha Mtwara: mtandao hauna mlango, halafu mnatudai NIDA?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la teknolojia ukafie huko. Hili ni suala la mteja anayeibiwa mchana kweupe.

Mnaoishi Mtwara mjini mnaijua hii biashara. Magomeni, Chikongola, mpaka Shangani, mtu anafunga antena juu ya paa, anabandika karatasi dukani: jero siku nzima, buku tatu wiki. Bei sina ugomvi nayo. Bando za simu zimetuchosha wote, na huyu wa mtaani kwetu mtandao wake unakimbia kweli. Lakini ulinzi hana hata wa kusingizia, na ukimwambia anakuona mjuaji.

Kilichonichefua ni hiki. Nanunua vocha ya wiki, wiki haijafika nusu natolewa, naambiwa vocha inatumika kwenye kifaa kingine. Kifaa gani, na mimi nina simu moja? Naenda dukani, dogo ananijibu bila hata kuinua macho, "Bro, umempa mtu namba." Baadaye likamkuta dada wa saluni ya jirani, naye akaambiwa kagawa. Yaani mtaa mzima tumekuwa wakarimu ghafla!

Sasa sikilizeni. Tazama mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi ya simu yako: hauna alama ya kufuli. Simu inaingia bila paswedi, ndipo unafunguka ukurasa wa kuweka namba ya vocha. Watu wanadhani hiyo namba ndiyo paswedi. Wapi! Ile ni tiketi tu, inaiambia ruta (kile kifaa kinachogawa mtandao) nani kalipa, haifichi kitu. Kati ya simu yako na antena ya paani mawasiliano yanapita uchi, na aliyekaa barazani na laptop yenye programu ya bure anayadaka. Na ukurasa wenyewe ni http isiyo na s, kwa hiyo namba ya vocha na namba ya simu unazojaza anazisoma kama tangazo la msiba. Kuna na njia ya pili: ruta inakutambua kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo simu yako inaitaja hewani kila inapotuma kitu. Mjanja anaibandika kwenye kifaa chake, ruta inaamini ni wewe. Vocha zetu ndiko zinakokwenda huko, dogo.

Kabla hajaja mtu kutisha watu hapa kwamba PIN za M-Pesa zinadakwa hewani: hapana. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye Wi-Fi kabisa, inapita mtandao wa simu. Programu za benki na tovuti za https zinafunga ujumbe njiani, na WhatsApp imefunga meseji za wote tangu 2016. Hatukuanza hivyo. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezi cha Firefox kilichomwezesha yeyote kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya jirani yake kwenye Wi-Fi ya wazi, na tovuti kubwa zikaona aibu zikaanza kufunga.

Hatari iliyobaki, na ndiyo inayonikosesha raha, ni mtu kuwasha Wi-Fi yake yenye jina lilelile. Simu imezoea jina, hakuna paswedi ya kuthibitisha, inajiunga yenyewe. Unafunguka ukurasa pacha: "Lipia hapa, weka namba ya simu na PIN." Fikiria msimu wa korosho, mzee katoka Tandahimba kufuatilia malipo yake, anataka tu kumpigia mwanawe video. Atajuaje?

Halafu daftari. Dukani unaandika jina, namba ya simu na namba ya NIDA, na daftari linalala kaunta, kila anayekuja kununua sabuni analifunua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. NIDA ya nini kwa mtandao wa jero? Mlioandika humo pigeni *106# mwone kama kuna laini msizozijua zimesajiliwa kwa jina lenu. SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekeni 15040.

Nilimuuliza mwenye biashara kama amebadili paswedi ya kiwandani ya ruta. Akaniuliza, "Ipi?" Niliondoka.

Na msiniambie "tumia VPN", ile programu ya kufunga mawasiliano yako yote. Oktoba 2023 TCRA walitaka watumiaji wa VPN wajisajili. Mama muuza samaki wa Feri ajaze fomu ili atumie Wi-Fi ya jero? Anayepaswa kuhangaika ni anayepokea hela. WPA2, lile kufuli la Wi-Fi lenye paswedi, ipo tangu 2004, kuiwasha ni bure. Ila paswedi ikijulikana na mtaa mzima, mwenzako anayeijua bado anaweza kukuchungulia, kwa hiyo ruta ikikubali kufuli jipya zaidi, WPA3 ya 2018, weka hiyo. Tenganisha wateja wasionane humo ndani, ukurasa wa vocha uwe https, daftari chana.

Sisi huku, kwa sasa, zimeni ile ya simu kujiunga yenyewe na sahauni mtandao mkishamaliza kuutumia. PIN hakuna ukurasa wa Wi-Fi unaostahili kupewa, hata uwe na nembo gani.

Wa Lindi mjini, Masasi, Nachingwea, kwenu wanadai NIDA pia? Na aliyewahi kupeleka malalamiko Tume atuambie alianzia wapi na alijibiwa nini, maana barua yangu naiandika usiku huu.