Gumzo la kikundi: Watu wa Nyumba ya Langoni

Alhamisi

20:04 Swafiya: Assalaam alaykum nyote. Bibi na kiharusi chake anatoka hospitali ya King Fahd hapa Lamu Jumatatu inshallah na bado hatuna mtu wa kumhudumia nyumbani. Nimezungumza na mawakala wawili, mmoja wa Malindi na mmoja wa Mombasa. Nataka kila mtu aseme neno usiku huu. Kusoma na kunyamaza si jibu.

20:05 Badi: Waalaykum salaam. Wakala wa M-Pesa? 😂

20:05 Swafiya: Badi.

20:06 Badi: Haya haya. Nasikiliza.

20:11 Rukia: W/salaam. Kabla ya bei tuandike kazi yenyewe, hiyo ndiyo itakayotuambia tunamtafuta nani. Mkono na mguu wa kulia hauna nguvu. Hawezi kujigeuza kitandani. Analishwa, na maji matupu yanampalia. Insulini asubuhi na jioni. Mpira wa mkojo walimtoa jana, sasa ni pampas. Kazi hiyo kwa saa nyingi ni ya mlezi aliyefunzwa. Muuguzi anahitajika kwa machache: kupanga insulini, kukagua ngozi, kusoma presha, kumsimamia huyo mlezi. Tukimlipa muuguzi akeshe akibadilisha pampas tutaishiwa pesa mwezi wa pili. Na tukimwachia sindano msichana wa kazi ambaye hakufunzwa, hilo mimi silikubali.

20:14 Swafiya: Wa Malindi: 1,500 kwa mchana wa saa 12, au 2,200 kwa siku akilala humo humo, chakula juu yetu. Wa Mombasa: 1,800 mchana, na nauli yetu. Wote wanataka ya wiki mbili mbele. Wa Malindi amesema nimjibu kabla ya Jumamosi adhuhuri.

20:15 Swafiya: Ami Omari? Athman? Mwanajuma? Naona tiki za buluu.

20:31 Shangazi Esha: Niko wodini, chaji imebaki kidogo. Nimechoka wanangu. Leteni mtu yeyote.

20:33 Rukia: Pole sana Shangazi. Tunaharakisha. Ila akija asiyejua, utakuwa na watu wawili wa kuwaangalia.

20:40 Rukia: Swafiya, waulize hawa wawili maswali yale yale na wajibu kwa maandishi. La kwanza: mlezi ni mwajiriwa wao, au wanatuunganisha tu na kuchukua kamisheni? Wakituunganisha tu, mwajiri ni sisi. NSSF (pensheni) na SHA (bima ya afya) ni juu yetu, na siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 kwa mwaka, ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira ya 2007. La pili: muuguzi msimamizi ni nani na namba ya leseni yake ni ipi? Wakiitoa nitaitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya Baraza la Wauguzi. La tatu: atakuja kumwona Bibi na nyumba kabla ya kuanza, au watatupangia kwa simu? Wakala anayekupa bei bila kumwona mgonjwa hajui anachokiuza.

20:42 Swafiya: La tatu nimewauliza. Wa Mombasa amesema picha zinatosha.

20:42 Rukia: Basi huyo mpunguze.

20:44 Badi: Picha za ngazi zile? Akiziona ataomba alipwe kwa kila kipandio 😄

20:45 Mwanajuma: 😂😂😂

20:45 Mwanajuma: Na ajue kupika mkate wa mofa, Bibi hali mwingine

20:46 Badi: Na asiweke sukari kwenye mchuzi kama fulani

20:46 Mwanajuma: Badi nakuona 😂

20:52 Swafiya: Nimeuliza jambo la maana na tumeingia jikoni.

20:58 Rukia: Badi amegusa jambo lakini. Ngazi ndizo zitakazotushinda. Chumba cha juu kisahaulike. Kitanda kiwekwe msana wa chini, yaani ukumbi wa chini, upande unaopata upepo wa kiwanda, ule ua wa ndani. Wala kisiwe ile samadari, kitanda chake cha zamani. Ni refu mno, miguu itaning'inia. Tunataka akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu na magoti yawe sawa na nyonga. Upande wake wa kushoto ubaki wazi, kiti kinawekwa upande wenye nguvu. Choo cha kuchutama hawezi kwa sasa, tutafute kiti cha choo chenye ndoo. Yeyote atakayemnyanyua asimvute mkono wa kulia wala asimbebe kwa makwapa. Bega lililolegea hivyo hutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miezi.

21:03 Badi: Samadari mimi na vijana tutaihamisha. Kitanda cha chini ninacho, cha kamba. Kinafaa?

21:04 Rukia: Kamba inabonyea katikati, makalio yanazama na kusugulika. Tafuta cha mbao na godoro gumu kiasi. Na mlango wa nje tufungue mbao zote mbili, kiti cha magurudumu hakipiti kwenye ubao mmoja. Kizingiti mtamnyanyua pamoja na kiti, watu wawili, mgongo wake ukitangulia.

21:05 Badi: Sawa. Hilo niachieni.

21:20 Swafiya: Wa Malindi amejibu. Mlezi ni mwajiriwa wao, muuguzi wao atakuja mara moja kwa wiki, namba ya leseni nimekutumia kando. Wameahidi mlezi akiugua wanaleta mwingine ndani ya saa 2.

21:22 Rukia: Saa 2 hiyo ni ya Malindi mjini. Basi hadi Mokowe, gati la bara, kisha boti, halafu kutoka gatini kwa miguu. Akiugua baada ya alasiri hakuna wa kufika usiku ule. Muulize: wana mlezi gani aliyeko kisiwani sasa hivi? Kama hakuna, waandike kwenye mkataba kuwa siku wasipoleta hatulipi, na mmoja wetu afundishwe kazi yote wiki ya kwanza ili pengo lisimkute Bibi.

21:24 Swafiya: Na hii ya kulala humo humo 2,200? Naona ndiyo nafuu.

21:31 Rukia: Piga hesabu ya usiku. Kumgeuza ni kila saa 2: saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, kumi na moja. Mara tano. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa hataamka mara tano kila usiku kwa mwezi mzima. Atalala, na hatumlaumu. Kidonda cha mgongo huanza kama wekundu mdogo juu ya mfupa wa kiuno au kisiginoni. Ukiubonyeza kwa kidole na usigeuke mweupe, ngozi imeshaumia. Ukishakuwa shimo, kupona ni miezi. Kwa hiyo "saa 24" ya wakala waulize ni watu wangapi. Jibu la kweli ni wawili wa kupokezana, au mmoja wa mchana na sisi usiku.

21:33 Swafiya: Usiku nani?

21:58 Swafiya: Nimeuliza, usiku nani?

Ijumaa

07:12 Athman: Nimesoma sasa. Zamu ya usiku ilikuwa nzito hapa Nairobi. Swali langu ni moja. Wiki mbili mbele ni 21,000 hata kwa mchana tu. Nani anashika pesa? Maana michango ya minazi ya kule Hindi, karibu na Mokowe, nayo ilianza hivi hivi kwenye kikundi.

07:15 Swafiya: Athman, usianze.

07:16 Athman: Sianzi. Nauliza risiti.

07:20 Mwanajuma: Hindi haikuwa Swafiya peke yake, tuwe waadilifu

07:21 Athman: Sijamtaja mtu.

07:26 Swafiya: Daftari la Hindi liko kwa Shangazi Esha tangu siku ile. Anayelitaka akalisome. Mimi leo namtafutia Bibi mtu wa kumgeuza.

07:40 Rukia: Athman ana haki ya kuuliza risiti. Pesa zisipite kwa mtu. Zilipwe moja kwa moja kwa paybill ya wakala kwa jina la biashara, si namba ya simu ya mwenye wakala, na kila mwenye kuchangia aone ujumbe wa malipo. Wiki mbili mbele tusitoe. Tuombe majaribio ya siku 3 kwa malipo ya kila siku, kisha wiki kwa wiki. Na mkataba useme notisi ni siku ngapi, na pesa iliyolipwa mbele inarudije akikatishwa. Bila hilo mgonjwa akirudi hospitali siku ya nne, pesa hairudi.

07:44 Athman: Hapo sawa. Nitatoa 6,000 kwa wiki.

07:45 Badi: Mimi 1,500, na boti.

07:45 Mwanajuma: 2,000. Na za Inua Jamii za Bibi, zile za wazee za serikali?

07:47 Rukia: Hizo ni 2,000 kwa mwezi, ziende kwenye pampas. Hazitatosha hata hapo.

07:48 Swafiya: Yangu 2,500. Zimefika 12,000. Mchana tu kwa siku 6 ni 9,000. Ami Omari, tunakusubiri.

09:30 Rukia: Swafiya, mlezi mwenyewe umezungumza naye, au umezungumza na ofisi tu?

09:32 Swafiya: Ofisi.

09:41 Rukia: Omba simu na yeye. Usimuulize ana uzoefu wa miaka mingapi, muulize hivi. Bibi anatetemeka, ana jasho baridi, kipimo cha sukari kinasema 3.2, utafanya nini? Jibu tunalotaka: kama ameamka na anameza, amkalishe wima, ampe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji au chai, kwa Bibi akoroge kwenye uji mwepesi kwa sababu ya kupaliwa, apime tena baada ya dakika 15. Kama hasikii akiitwa, asitie kitu kinywani, apige kelele, tumpeleke hospitali. Akisema ataongeza insulini, shukuru na ukate simu.

09:43 Rukia: Pia muulize anamlishaje mtu anayepaliwa. Akisema akiwa amelala na mto, hafai. Ni wima kabisa, kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, asubiri ameze, na baada ya kula akae hivyo nusu saa.

09:50 Mwanajuma: Na insulini itakaa wapi? Friji ya nyumbani stima ikikatika inakuwa kabati

09:54 Rukia: Chupa ambazo hazijafunguliwa ziwekwe kwenye friji, mbali na barafu. Iliyoganda inatupwa. Inayotumika hukaa nje wiki 4 kwa kawaida, penye kivuli na ubaridi. Ndani ya gudulia lililofungwa kitambaa kibichi panafaa, ila ifungwe mfuko isiingie maji. Andikeni tarehe ya kufunguliwa juu ya chupa.

12:50 Swafiya: Nimezungumza naye. La sukari amejibu sawasawa, bila kusita. La kulisha pia. Ni mama wa makamo, Mswahili, sala anajua. Cheti cha tabia njema ameonyesha chenyewe kwa video. Mimi niko tayari kuthibitisha. Nithibitishe?

13:40 Swafiya: Jamani. Nithibitishe?

14:22 Babu Shee: [ujumbe wa sauti 1:18]

14:30 Mwanajuma: Nawaandikia wasio na bando. Babu anasema:
"Swafiya mwanangu, nimewasikiliza. Mumenena leseni, mumenena pesa, mumenena ngazi. Kazi njema, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini dada yangu mato yaona na akili anayo. Ulimi ndio ulio mzito, masikio si mazito. Tangu jana hadi yeo sijasikia aliyemuuliza yeye. Mtu wa nde (wa nje) atamvua nguo, atamuosha, atamtilisha udhu. Hapana wa kuingia nyumba ile kabla yeye hajaitikia. Na asije mwanamume. Ni hayo."

14:31 Badi: 🤲

15:05 Swafiya: Tumesikia Babu. Samahani.

15:20 Rukia: Babu amesema kweli, na mimi nilipaswa kuliweka la kwanza. Shangazi, mtu wa kiharusi huulizwa swali moja moja, la ndiyo au la, na unasubiri. Hesabu hadi kumi kabla ya kurudia. Akushike mkono kwa ndiyo. Usimuulize mawili kwa pamoja, na watu wasijae wodini.

15:22 Swafiya: Mwonyeshe na picha ya yule mama, nakutumia.

15:40 Ami Omari: Nimeona yote. Niko kazini. Nitapiga usiku.

20:47 Shangazi Esha: Nimemuuliza baada ya magharibi. Mtu wa kulala nyumbani, amegeuza uso. Wa mchana tu, amenishika mkono. Nikarudia, akashika tena. Picha ameitazama sana. La kuoshwa sijafika, usingizi ulimchukua.

20:50 Swafiya: Alhamdulillahi. Basi ni mchana. Asubuhi naomba siku 3 za majaribio, hajibiwi ndiyo kamili mpaka Bibi aulizwe la kuoshwa.

20:51 Rukia: Muuguzi wao aje Jumapili kuona msana. Akikataa kuja, tuvunje.

20:53 Swafiya: Na usiku? Saa tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja. Shangazi hawezi peke yake.

21:10 Mwanajuma: Mimi Jumatatu na Jumanne naweza

21:34 Swafiya: Jumatano?

22:15 Badi: Boti ya huyo muuguzi Jumapili, nikamchukue Mokowe asubuhi au jioni?