Tupeane uzoefu: Umewahi kushindanisha mchoro wa gemu? Ulihukumiwaje?

Kidole_Kimoja:
Wakuu, mwangaluka.

Nipo Mabatini hapa Mwanza. Mchana nasuka saluni, usiku nachora. Mwezi uliopita kundi moja la wacheza Free Fire (silitaji, bado nimo humo) lilitangaza shindano: chora mhusika umpendaye akiwa katika mazingira ya kwenu, zawadi almasi 1,060, ile pesa ya ndani ya gemu. Nikamchora Kelly, yule binti mkimbiaji, anaruka jiwe hadi jiwe pale Bismarck, kwenye miamba ya ziwani, na nyuma yake wingu la vidudu vya ziwani linapanda kama moshi. Usiku nne, kwa kidole, kwenye simu yenye ufa. Kidole kikipita juu ya ufa mstari unakatika, kwa hiyo kila nikifika jichoni nasogeza picha yote pembeni, nachora, nairudisha.

Tangazo lilisema "mchoro bora utashinda". Bora kwa kipi, kimya. Siku ya mwisho ndiyo tunaambiwa zinahesabiwa laiki. Mimi niliweka Jumamosi usiku, wanafunga Jumapili saa sita mchana. Aliyeshinda aliweka tangu Jumatatu ya wiki hiyo, na kaka yake anasimamia kundi la chuo. Yeye laiki 412, mimi 37. Mchoro wake si mbaya, nisiwe mchoyo. Ila mkono wa kushoto una vidole sita, na hayo mazingira ya kwao mpaka leo nayatafuta.

Nyie yamewakuta yapi?

Sato_Mkavu:
Pole dada. Mimi nilishinda kwa njia hiyohiyo, nakiri mbele ya kadamnasi. Nilikuwa nauza vocha Mwaloni Kirumba. Kila mteja: bonyeza hapa kwanza ndipo nikupe chenji. Wauza dagaa wa watu hata gemu hawalijui. Almasi nikapata. Mwaka mzima ukapita, hakuna hata mmoja aliyeniagiza mchoro.

Mzee_wa_Kisesa:
Mie mtu mzima, gemu nafundishwa na wanangu, ila la kushindana kwa watu nalijua. Huku kwetu Bujora mwezi Juni kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanaingia uwanjani wakati mmoja, hawa upande huu, wale upande ule, wengine na chatu shingoni. Jaji ni umati. Unakoona kunanoga ndiko unakohamia, na mwenye watu wengi kashinda. Manung'uniko ya dawa za mvuto hayakosekani, lakini sijasikia mtu akisema umati usiamue.

Sasa tofauti iko wapi? Ngoma zote mbili zinaanza pamoja, na mtu ana miguu miwili tu: akienda kwa Bagalu, kwa Bagika kaondoka. Tena njiani anapita, ameziona zote. Laiki haina miguu, binti yangu. Huyo wa kundi la chuo kabonyeza akiwa kitandani, mchoro wako hajui kama upo. Na mwenzio kaanza ngoma Jumatatu, wewe umeingia jua linazama. Kura ya watu ibaki, ila michoro yote itolewe wakati mmoja, ipangwe pamoja, na mtu achague mmoja tu.

Jaji_Mstaafu_Nyegezi:
Mzee umenena. Lakini msidhani majaji ndio dawa. Nimewahi kuwa mmoja wa watatu, tukajiona wa haki kwelikweli: alama 10, tunajumlisha, basi. Oneni kilichotokea. Mimi nilitoa 8 kwa mchoro wa kwanza na 9 kwa wa pili. Mwenzangu vilevile, 8 na 9. Wa tatu, kaka mmoja mwenye mkono mkali, akatoa 10 na 4. Jumla: wa kwanza 26, wa pili 22. Majaji wawili kati ya watatu tunasema wa pili ni bora, na kashinda wa kwanza! Kaka hakuiba chochote. Ni kwamba sisi tulikuwa waoga wa kutoa 4, kwa hiyo kalamu yake ikawa na uzito kuliko zetu mbili.

Mara ya pili tuliacha alama. Kila jaji anapanga watano wake, wa kwanza hadi wa tano, tunalinganisha orodha. Kuna aliyetaka tufute alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kama wanavyofanya kwenye kuteleza juu ya barafu baada ya ile kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002. Wazo zuri mkiwa majaji tisa. Mkiwa watatu anabaki mmoja, mwite sultani.

Kuhusu majina: mtu mmoja asiye jaji apokee michoro, aipe namba. Tulifanya hivyo, halafu nusu ya washiriki wameandika majina yao kwenye kona ya picha. Tulikata kona.

Nansio_Bila_Mtandao:
Dada mwanzisha uzi, hiyo ya vidole sita iache. Mimi mikono inanishinda tangu shule, na ndiyo iliyoniponza. Kundi letu lilisema nimetumia akili mnemba, nioneshe video ya uchoraji. Natumia ibis Paint, inajirekodi yenyewe hatua kwa hatua, ila simu yangu ilijaa, faili nilishalifuta kupisha mtihani wa mdogo wangu. Nikatolewa. Sharti la video halikuwemo kwenye tangazo.

Kuna jamaa Marekani, Jason Allen, mwaka 2022 alishinda maonesho ya jimbo la Colorado kwa picha ya Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha, kwenye kipengele cha sanaa ya kidijitali. Watu walimtukana, lakini kanuni hazikumkataza, na jina la Midjourney alikuwa ameliandika. Kama hamtaki mashine, andikeni kabla. Na mkitaka video, andikeni kabla, tusifute.

Rangi_ya_Baiskeli:
Mimi wahusika niliwachora kwa mtindo wa tingatinga, macho makubwa, nukunuku mwili mzima. Nikaambiwa "haifanani na gemu". Nikauliza, shindano ni la kuchora au la kudurufu? Nikatolewa kundini. Sina zaidi.

Kidole_Kimoja:
Asanteni, nimesoma yote kati ya kichwa na kichwa hapa saluni. Nansio, samahani kaka, la vidole nimelifuta moyoni.

Nimemwandikia msimamizi wetu: michoro itoke wakati mmoja, ipewe namba, masharti yawepo tangu tangazo la kwanza. Akajibu haraka, "Basi dada, shindano lijalo uwe jaji wewe." Kumbe akili: nikiwa jaji sichori, na nikikataa naonekana mlalamishi tu. Nikamjibu nakubali, ila michoro asipokee yeye.

Tiki mbili za bluu zipo tangu jana saa tatu usiku.