Tupeane uzoefu: oili ya injini inayovuja, uligunduaje inatokea wapi na uliimalizaje?

Mleta mada
Wakuu, habari za wakati huu. Gari langu ni la petroli, silinda 4, limeshatembea kilomita 180,000 na ushee. Mwezi wa pili sasa, kila asubuhi nakuta doa la oili ukubwa wa kiganja, usawa wa pale injini inapokutana na gia boksi. Mafundi wawili wamelitazama na jibu lao ni moja: sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili pale shafti ya injini inapotokea kwenda gia boksi) imekwisha, gia boksi lazima ishuke. Kabla sijakubali kazi kubwa hivyo, naomba waliopitia haya wanisimulie yaliyowakuta wenyewe: mlianzia wapi, mkakosea wapi, mwisho ikawa nini.

Spana Kumi
Mkuu, usishushe kitu kwanza. Langu lilikuwa na doa hilo hilo, mahali hapo hapo. Gia boksi ikashushwa, sili mpya ikawekwa, na wiki haikuisha doa likarudi. Kumbe oili ilikuwa inatoka juu kabisa, kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, upande wa nyuma ambao ukifungua boneti huuoni. Inateremka taratibu mgongoni mwa injini, inafika kwenye gia boksi, ndipo inadondoka. Oili inafuata mteremko, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea panaweza kuwa mbali sana na inapotokea. Siku hizi natafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, halafu nateremka nayo. Inaniuma mpaka leo, maana ile sili tuliyoitoa ilikuwa nzima.

Mama Pacha
Naungana na Spana Kumi, ila ndugu yangu, juu hutaona kitu kama injini imejaa uchafu wa miaka. Osha kwanza. Mimi niliiacha ipoe, nikafunika oltaneta na njia ya hewa kwa nailoni, nikapaka dawa ya kutoa grisi, nikasuuza kwa maji yasiyo na presha kubwa. Ilipokauka nikanyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote niliyoyashuku, nikaendesha kama dakika 15, nikazima na kumulika kwa tochi na kioo kidogo. Poda ilibaki nyeupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mwembamba chini ya swichi ya presha ya oili. Ilikuwa inavujia katikati, pale waya unapochomekwa. Niliichomoa waya na soketi ikatoka imejaa oili. Nikabadilisha swichi, basi.

Poda isipokuonyesha, kuna rangi maalumu inayochanganywa na oili. Unaendesha siku kadhaa, kisha unamulika gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno na njia yote ya oili inang'aa. Hakikisha rangi ni ya oili ya injini, maana zipo za kiyoyozi na za maji ya rejeta.

Dereva wa Alfajiri
Langu lilikuwa jambo dogo. Lilianza kuvuja mara tu baada ya kubadilisha oili. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umenata kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, mpira juu ya mpira. Kama uvujaji wako ulianza baada ya sevisi, anzia kwenye filta na nati ya sampu, ile ya kumwagia oili chini ya injini.

Binti wa Gereji
Mimi ni fundi, na kuna kitu naona watu wanakiruka: vali ya PCV. Hii ndiyo inayoruhusu mvuke wa ndani ya injini uvutwe na kurudi kwenye njia ya hewa ukaungue. Ikiziba, presha inajaa ndani na inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili au gasketi iliyochoka kuliko zote. Kuna gari nililibadilishia gasketi moja mara 2 ndani ya mwaka, na mwenye gari akaanza kuona namdanganya. Mara ya tatu nilifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, nikaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwenye injini nyingi nzima kitavutwa kidogo. Hiki kilirushwa. Vali ilikuwa imeganda kwa masizi. Ukibadilisha vali na bado inapuliza kwa nguvu, hapo fikiria ringi za pistoni, na hiyo ni habari nyingine.

Na tafadhali, silikoni ya kuzibia maungio ipakwe kidogo, pale tu kitabu cha gari kinaposema. Inayozidi inaminywa ndani, inakatika vipande, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Taa nyekundu ya oili ikiwaka inasema presha imeshuka: zima injini hapo hapo, usijikongoje mpaka nyumbani.

Mzee wa Klachi
Kwa haki niseme, mimi yangu ilikuwa kweli sili ya nyuma. Juu kote kulikuwa kukavu, oili ikitoka kwenye katundu kadogo chini ya kava ya klachi, na klachi ilishaanza kuteleza. Kwa kuwa gia boksi ilishashuka, tukabadilisha na klachi papo hapo.

Mleta mada
Narudi na mrejesho. Niliosha, nikapaka poda kama Mama Pacha alivyoelekeza. Alama ya kwanza kulowa ilikuwa kona ya nyuma ya tapeti kava. Tulipoifungua, gasketi ilikuwa ngumu kama plastiki, ikivunjika mkononi, na visima viwili vya plagi (mashimo zinamokaa plagi) vilikuwa na oili. Vali ya PCV ukiitikisa haichezi kabisa, imeganda. Tumebadilisha gasketi, mipira ya visima vya plagi na vali, bolti tukazikaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni. Gia boksi haijaguswa. Natandika boksi la karatasi chini ya injini kila usiku, na leo ni asubuhi ya 9 likiwa kavu.

Spana Kumi
Safi sana mkuu. Endelea kupima oili kwa kijiti kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare, na utuambie ukifikisha kilomita 1,000.