Ncha zote mbili ni baridi, mbona bakteria wake hawafanani?

MkamuaAlizeti
Wakuu, habari za jioni. Mimi nakamua alizeti hapa Kibaigwa, bahari nimeiona mara mbili tu. Mpwa wangu anasoma UDOM. Jumapili kaja kuniambia kwamba bakteria wa bahari ya ncha ya kaskazini na wa ncha ya kusini wengi wao si wale wale. Nikamkatalia. Baridi si ni baridi tu? Maji ya chumvi huku na kule yanaanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Ni kama ukame wetu, uende Bahi uje Chamwino, utakuta uwele. Nimemwekea dumu la lita 5: nikishindwa, lake. Akala ugali wangu, akacheka, akaondoka.

Hadubini_Mbovu
Andaa dumu, mkuu. Utafiti wa mwaka 2012 ulilinganisha maji ya ncha zote mbili. Kwenye maji ya juu, aina za bakteria zilizoonekana pande zote zilikuwa kama asilimia 15 tu.

Baridi kazi yake ni kuchuja. Prochlorococcus, bakteria anayejaa bahari za joto, kule humkuti. Ila waliopita kwenye chujio hawapangwi na baridi peke yake. Aktiki, yaani bahari ya ncha ya kaskazini, imezungukwa na nchi kavu. Ujazo wake ni kama asilimia 1 ya bahari zote, lakini inamwagiwa karibu sehemu ya kumi ya maji ya mito ya dunia: Lena, Ob, Yenisei, Mackenzie. Maji hayo ni mepesi, yanakaa juu kama kifuniko, na virutubisho vya chini vinapanda kwa shida. Hapo anatamba Micromonas, mwani mdogo mno, maana mdogo hutosheka na kidogo.

Kusini ni kinyume chake. Nchi kavu iko katikati, bahari inaizunguka, wala hakuna mito mikubwa. Naitreti, kirutubisho cha mwani, ipo tele, kinachopungua ni madini ya chuma. Chuma kikipatikana, mfano kwenye barafu inayoyeyuka, diatomu na Phaeocystis, nao ni mwani wadogo, wanalipuka. Bakteria nao wanafuata sahani: mwani ukishachanua, akina Polaribacter wanaongezeka kwa kula mabaki yake.

MkamuaAlizeti
Hapo kwenye chuma umenishika. Nina shamba kando ya zizi na jingine mlimani. Mvua ni ile ile, magugu tofauti kabisa. Sawa. Sasa hao waliochujwa wakapita, mbona wenyewe hawagandi?

Hadubini_Mbovu
Wewe ndiye ungetufundisha hilo. Asubuhi ya Julai, mafuta ya mawese dukani yakoje?

MkamuaAlizeti
Yameganda, unachota kwa kijiko. Yangu ya alizeti yanamiminika.

Hadubini_Mbovu
Basi ndiyo hayo. Utando wa seli ni wa mafuta. Bakteria wa baridi hutengeneza mafuta ya jamii ya alizeti, yasiyokakamaa, ili utando ubaki laini na chakula kipite.

Binti_wa_Kondoa
Samahanini kaka zangu, msisahau majira. Sampuli nyingi huchukuliwa kiangazi kwa sababu majira ya baridi barafu hufungia meli nje. Kwenye giza la miezi, mwani unalala, na arkea, vijidudu wanaofanana na bakteria ila ni jamii nyingine, wanaoishi kwa kuunguza amonia, wanaongezeka. Bahari ile ile, wakazi wengine. Ndiyo maana Polarstern, meli ya utafiti ya Ujerumani, iliachwa isukumwe na barafu ya Aktiki kuanzia Oktoba 2019 hadi Septemba 2020, ili mwaka mzima upimwe. Halafu, ile asilimia 15 ni ya maji ya juu. Kwenye kina bakteria wa ncha hizi wanakaribiana zaidi, kwa sababu maji ya chini yanasafiri, polepole lakini yanafika.

MkamuaAlizeti
Kwa hiyo kule chini nilikuwa na haki kidogo! Nikimwambia nimpe lita 4 atakubali?

Hadubini_Mbovu
Mkuu, toa dumu.

MkamuaAlizeti
Haya. Linapanda Noah ya kwanza kesho.