Naomba ushauri: binti yangu wa miaka 6 sentensi ndefu zinamshinda

Habari zenu ndugu. Tuko Ngamiani, Tanga. Masikio ya binti yamepimwa, yako sawa. Michezo anaishika upesi, ila kusimulia kisa kifupi tu hawezi, maneno yanamkatikia njiani. Majirani wanalaumu Kidigo cha bibi yake. Silikubali: tafiti zimeonyesha kukua na lugha mbili hakuleti tatizo hili. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 uliwakuta nalo takriban watoto 7 kati ya 100 wanaoanza shule, bila chanzo kinachojulikana. Bibi ataendelea na Kidigo chake.

Ninachohofia ni kusoma, mwakani anaingia darasa la kwanza. Nani anamjua mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha hapa Tanga, au mpaka Muhimbili? Na mwalimu nimwombe amsaidieje?