Kuna tatizo lolote la dunia nzima ambalo nchi zilikaa pamoja zikalipunguza kweli?

Mdau_wa_Uyole:

Wakuu habari za jioni. Kuna swali linanisumbua muda sasa. Kila mwaka tunaona viongozi wanaenda kwenye mikutano ya tabianchi, wanapiga picha ya pamoja, wanasaini, wanarudi makwao, alafu mkulima huku hata hajui apande lini maana mvua hazieleweki tena. Copenhagen 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020 kwa ajili ya nchi maskini, na hesabu ilikuja kutimia 2022. Sasa nauliza, hivi imeshatokea hata mara moja tatizo likagusa dunia yote, nchi zote zikakubaliana, zikatekeleza, na tatizo lenyewe likapungua kweli? Ile ya "ushirikiano ni muhimu" tunaijua tangu darasa la nne, naomba mfano unaoshikika na namna walivyofanya. Mdogo wangu yuko form five, wana mdahalo wiki ijayo na amepangwa upande wa wanaosema inawezekana, kaniuliza nimekosa cha kumpa.

Fundi_Baridi_Mza:

Mkuu mfano upo na mimi naushika mikononi kila siku, ni gesi ya friji.

Mimi ni fundi friji na AC hapa Mwanza. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wanajaza R12 karibu kila friji iliyoletwa, ndo ilikuwa gesi yenyewe, haiwaki moto, haina sumu ya kukutisha, fundi anafanya kazi amejiachia. Leo nenda dukani kaulizie R12, kijana wa kaunta hata hajui unaongelea nini. Na haikuisha duniani, ilipigwa marufuku, maana ikivuja haiozi wala haimalizikii hapa chini, inapanda polepole mpaka juu sana, kule jua linaivunja inatoa klorini, na hiyo klorini ndo inatafuna tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, ile inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Ikaja R134a kwenye friji. Kwenye AC tulikuwa na R22, nayo inaondolewa kidogo kidogo, nchi kama zetu mwisho wake ni 2030 kasoro kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine za zamani. AC mpya zinakuja na R410A au R32, friji ndogo za siku hizi nyingi ni R600a.

Mwambie mdogo wako aende nyuma ya friji ya nyumbani, karibu na kompresa kuna kibandiko, asome gesi iliyoandikwa. Mimi nikipokea friji nikasoma kibandiko tu najua ilitengenezwa kabla au baada ya makubaliano gani. Mkataba wa kimataifa unaofika mpaka kwenye kibandiko cha friji ya Igoma, huo umetekelezwa.

Mpita_Njia_Tanga:

Fundi umenena. Naongezea historia yake maana kwenye mdahalo wataulizwa "walifanyaje".

Mwaka 1974 wanakemia wawili wa California, Mario Molina na Sherwood Rowland, waliandika kwamba hizi gesi za friji na za makopo ya kupuliza zitaharibu ozoni. Makampuni yaliyozitengeneza yakabisha sana, DuPont likiwa mbele. Alafu Mei 1985 Waingereza waliokuwa wanapima hewa Antaktika wakatangaza kwamba kila ikifika miezi ya Septemba na Oktoba ozoni juu ya kituo chao inapungua vibaya, ndo likaja jina la tundu la ozoni. Hapo dunia ikashtuka. Miaka miwili na miezi michache tu baadae, tarehe 16 Septemba 1987, nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya zikasaini Itifaki ya Montreal. Aliyekuwa anasukuma mazungumzo yale ni Mwafrika mwenzetu, Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakati huo, na mpaka leo sekretarieti ya mambo ya ozoni ipo Gigiri, Nairobi. Watu wengi wa hapa kwetu hawajui hilo na linaniuma, tunajiona watazamaji kwenye kitu ambacho ofisi yake ipo Nairobi.

Sasa ujanja wao, na hapa mdogo wako akomae. Kwanza hawakudai kila kitu siku ya kwanza, ule mkataba wa 1987 ulitaka hizo gesi zipunguzwe nusu tu hadi 1999, ila waliacha mlango wa kuubana kila wanasayansi wakileta vipimo vipya, wakaubana London 1990, wakaubana tena Copenhagen 1992. Nchi maskini zilipewa miaka kumi zaidi, kwa sababu hazikuwa ndizo zilizochafua. Na anayekataa kujiunga haruhusiwi kuuziana hizo gesi na waliojiunga, kwa hiyo kubaki nje kulikuwa na hasara ya pesa, sio aibu tu.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kwa maoni yangu ni mfuko. India na China zilikataa kuingia, zikasema wazi kabisa, nyinyi mmetajirika na hizi gesi alafu mnatuambia sisi tuache, nani analipa? Wakajibiwa kwa vitendo. London 1990 ukaanzishwa mfuko wa kulipia gharama za kuhama, kubadilisha mitambo ya viwanda, kufundisha mafundi, kununua vifaa. China ikaingia 1991, India 1992. Na ule mfuko hausimamiwi na matajiri peke yao, kamati ina nchi 14, saba tajiri na saba zinazoendelea, na ikifika kupiga kura lazima kila upande uwe na wengi waliokubali ndo jambo lipite. Linganisheni na Benki ya Dunia ambako mwenye hisa nyingi ndo mwenye sauti. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeridhia Montreal, hakuna hata moja iliyobaki nje. Wanasayansi wanasema mambo yakiendelea hivi ozoni itarudi ilivyokuwa 1980 kwenye sehemu kubwa ya dunia karibu mwaka 2040, na kule Antaktika karibu 2066.

Kaka_Mkweli:

Nakubali lakini msimpe mtoto silaha ya upande mmoja, wapinzani wake watamuuliza hivi. Gesi za friji zilitengenezwa na makampuni machache, ukikaa nao meza moja umemaliza, na DuPont walipoona wanaweza kuuza mbadala, 1988 wakatangaza wenyewe kwamba wataacha. Mafuta na makaa ya mawe sio hivyo. Kuna nchi bajeti nzima inategemea mafuta, kuna mama anapika kwa mkaa, kuna lori, bodaboda, mbolea, saruji, umeme. Huwezi kubadilisha mtungi tu ukaendelea na kazi.

Alafu la pili, hapa Ikweta ozoni ilipungua kidogo sana, walioumia zaidi ni kule kusini kama Australia, New Zealand, Chile na Argentina. Sisi tuliingia kwa sababu kulikuwa na fedha na muda wa kutosha. Tabianchi imegeuka, tunaoumia zaidi ni sisi na wanaotakiwa kulipa wanavuta miguu. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku 2024 wamekubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zinaongelea trilioni. Mimi sipingi ushirikiano, nasema tuangalie nani anashika mkoba na nani anapiga kura.

Mama_Naivasha:

Wacha niongeze ya huku Kenya kwa sababu si friji peke yake. Mashamba ya maua ya Naivasha yalikuwa yanatumia methili bromaidi kuua wadudu na magonjwa kwa udongo kabla ya kupanda. Ni dawa kali sana, unafunika udongo kwa plastiki, unaingiza gesi, na hiyo pia inaharibu ozoni, kwa hivyo ikaingizwa kwa Montreal. Watu walisema biashara ya maua itakufa, wafanyikazi watafutwa, wanunuzi wa Ulaya watahamia kwingine. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015. Kulikuwa na miradi ya kufundisha, mashamba mengine yakaanza kuchemsha udongo kwa mvuke, mengine yakaacha udongo kabisa yakapanda kwa pumisi, na hayo mawe tuko nayo mengi huku Bonde la Ufa. Maua bado yanapandwa, bado yanapanda ndege. Na sisi tunaofanya kazi ndani ya greenhouse tuliachana na hiyo sumu, hiyo kwangu ni muhimu kuliko tundu la Antaktika, nasema ukweli.

Kaka Mkweli uko sawa kuhusu mkoba, lakini hata hii ya maua walisema haiwezekani.

Mdau_wa_Uyole:

Asanteni sana, nimekopi yote namtumia sasa hivi. Swali moja, ni nani anahakikisha watu hawadanganyi? Maana kusaini kila mtu anaweza.

Mpita_Njia_Tanga:

Swali zuri. Vituo vya kupima hewa. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba CFC-11, moja ya zile gesi zilizopigwa marufuku na ambayo ilitakiwa iwe imeshakufa, inashuka angani polepole kuliko inavyotakiwa, maana yake kuna mtu anatengeneza kwa siri. Wakafuatilia kwa vituo vya Korea Kusini na Japani, 2019 wakasema sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China, majimbo ya Shandong na Hebei. Ilikuwa inatumika kutengeneza povu la kuzuia joto kwenye majengo. Serikali ya China ikabanwa, ikafanya misako, na 2021 vipimo vikaonyesha imeshuka tena. Hewa haina mpaka ila ina kumbukumbu, ukiiba inaonekana.

Na amalizie na Kigali. Ile R134a aliyoisema fundi haigusi ozoni ila inapasha dunia joto mara 1,400 hivi kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Kwa hiyo Oktoba 2016 wakakutana Kigali wakaongeza na hizi gesi mpya kwenye Montreal ileile, na kundi letu la nchi zinazoendelea lilitakiwa kusimamisha ongezeko 2024 na kupunguza asilimia 80 kufikia 2045. Sasa angalia Marekani, nchi ambayo imetangaza kujitoa mkataba wa tabianchi wa Paris mara mbili, Septemba 2022 Seneti yao ilipitisha Kigali kwa kura 69 dhidi ya 27, vyama vyote viwili vimo. Nchi ileile, hewa ileile. Tofauti ni kwamba huku makampuni yao yana mbadala wa kuuza.

Fundi_Baridi_Mza:

Hapo kwa Kigali ndo kazi inatufikia sisi. Nikiwa mkweli mafundi wengi mtaani bado wanaachia gesi ya zamani hewani, anafungua bomba, pssss, anachomelea, anajaza mpya. Sio ubaya, mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi ni ghali na fundi wa kibanda hawezi kuinunua kwa faida ya friji mbili kwa siku. Na hii R600a inawaka, ukiweka moto kwenye bomba hujamaliza kuitoa unajiunguza, kuna wenzetu hawajafundishwa hilo kabisa. Alafu friji na AC za mtumba zinazidi kuingia, zinakula umeme na zimebeba gesi ambazo kule zilikotoka wanaziacha.

Kwa hiyo dogo akisimama aseme inawezekana, na akiulizwa ushahidi aseme R12 haipo dukani. Ila aongeze kwamba huo mfuko wakiutumia kununulia mashine za kunyonya gesi zikawekwa hata kwenye vyuo vya ufundi vya VETA na kwenye vikundi vya mafundi kila wilaya, tutafanya. Mdau nitafute kwa ujumbe wa faragha, nina picha za vibandiko vya miaka mbalimbali, naweza kukutumia awaonyeshe wenzake.