"Shemeji, unavaa kiatu namba ngapi?" Wakala wa boti kaua sapraizi leo hii

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simu imekatwa dakika kumi zilizopita. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mahoteli, hii ni jinai.

Yule wakala wa boti za matanga mnamjua. Sitaji jina. Yule wa kofia nyeupe, picha ya profaili kashika usukani ambao hajawahi kuuzungusha hata robo. Huyo huyo. Leo kampigia simu mwenye bethidei. MWENYE BETHIDEI! Siyo mimi niliyelipa, niliyesaini mkataba. "Shemeji, habari za leo? Unavaa kiatu namba ngapi? Ni kwa ajili ya mapezi ya kuogelea, ile safari yenu ya bethidei."

Miezi mitatu ya uongo mtakatifu imekufa kwa kiatu.

Na namba ya kiatu IPO! Fomu ya abiria ina jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, simu, chakula kinachomdhuru, anajua kuogelea au hajui, na namba ya kiatu. Imeandikwa 39. Mapezi yenyewe yanakuja kwa namba mbili mbili, 38 na 39 ni saizi moja, kwa hiyo hata angekisia asingezamisha mtu. Na juu ya fomu, wino mwekundu, herufi za kusomeka toka mwezini: HII NI SIRI, MASWALI YOTE NAMBA YA KWANZA. Yaani namba yangu.

Nusu ya hela kachukua siku ya kubuki. Nusu ya pili anaitaka wiki sita kabla ya safari, na anaikumbusha asubuhi, mchana na jioni. Kwa namba gani? Namba ya kwanza! Kwenye hela anaijua. Kwenye kiatu kaisahau.

Halafu SHEMEJI. Shemeji wa wapi? Ukoo wenu umetoa mahari lini?

*

Nipo Siti ya Mbele: Tuelewane kwanza, ni 39 ya wazi au ya kufunika vidole?

Mzee wa Ngama: Mleta uzi, umejitakia. Orodha ya abiria sehemu nyingi inapelekwa bandarini, jina na pasipoti huna ujanja, lazima viwe vya kweli. Lakini safu ya simu nani anaikagua? Unajaza namba yako mistari yote. Barua pepe hivyo hivyo, maana kuna mifumo ya kubuki inayotuma yenyewe ujumbe wa "safari yako imekaribia" kwa kila anwani iliyomo. Wewe umemkabidhi fisi bucha, halafu unalia kuhusu wino mwekundu.

Mleta uzi: Mzee, fisi alikuwa na maelekezo.

Kigegezi: Tuache simu. Dawa ya kichefuchefu mngempaje? Vidonge vinamezwa lisaa limoja au mawili kabla ya kuondoka. Kile kibandiko cha nyuma ya sikio kinataka masaa manne au zaidi, na kinakausha mdomo. Ukisubiri boti ianze kuyumba, kidonge kinarudi kilikotoka, na pilau juu yake. Sasa unamwambiaje mtu "tunaenda kula chakula cha jioni, hebu meza hiki kwanza"?

Joshi: Unasaga, unatia kwenye juisi.

Kigegezi: Joshi wewe ni wa kuripotiwa. Huenda ana mimba, huenda ana presha ya macho, na wewe unamsagia dawa. Sapraizi ya boti inapasukia nchi kavu, angalau masaa mawili kabla, mtu akiwa kwenye kiti kisichoyumba. Asiyejua kuogelea apewe nafasi ya kukataa wakati bado ana gari la kurudia. Ukimfungua kitambaa cha macho akiwa sitahani, kamba zimeshafunguliwa, huo ni utekaji.

Mleta uzi: Wakuu mnaenda mbali. KIATU. Kapiga simu kuuliza KIATU.

Bi Sitaha: Bora wewe umepigiwa. Kuna wanaouziwa boti "vyumba vitatu, watu sita", wamelipia na nahodha, hawajajiuliza nahodha analala wapi. Nahodha ni mtu wa saba. Anataka kitanda na anataka kula, imeandikwa ukurasa wa mwisho kwa herufi za sisimizi. Usipomhesabia chumba anatandika benchi la sebuleni, hatua mbili toka mlangoni kwenu, na mlango wa boti ni ubao mwembamba tu. Mkinong'ona "nakupenda mpenzi", anaitikia yeye.

Nipo Siti ya Mbele: 😂😂 anaitikia "shemeji"

Nanga Nzito: Naona hakuna anayegusa keki. Boti ya mkuku mmoja, ile ya kawaida yenye tumbo moja, ikishika upepo wa ubavuni inalala nyuzi 15 mpaka 20, na hiyo ni hali ya kawaida, hakuna dharura. Keki ya ghorofa mbili inahamia sakafuni kabla hamjamaliza kuimba. Chukua keki ya tabaka moja, ibaki ndani ya trei iliyookewa, kifuniko juu, iwekwe chini kabisa karibu na katikati ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, na isikatwe mpaka nanga itiwe. Mishumaa ya betri. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia kwenye ngama, chini kabisa ya tumbo la boti, kama maji, halafu wewe unakuja na kiberiti unaimba.

Na mkisema "nanga itiwe", mhesabu mnyororo. Kina mita 5, ongeza mita 1 toka majini mpaka omo, yaani pua ya boti, jumla 6. Zidisha mara tano, mita 30. Ya kulala usiku, au upepo ukipanda, zidisha mara saba. Wapo manahodha wanaomwaga mita 15 na kuwahi kwenye keki. Hao mtawakuta mwambani.

Mzee wa Ngama: Ongeza zile karatasi za kumetameta. Zinateremka na maji mpaka chini, zinaziba chujio la pampu. Pampu inavuma, maji hayatoki, na aliyezirusha keshalala. Maputo ya heliamu nayo yakichoropoka yanaangukia bahari, kasa anayameza akidhani ni yavuyavu.

Joshi: Kodini katamarani, boti ya matumbo mawili, mpumzike. Hailali, keki inakaa, nahodha ana chumba chake.

Nanga Nzito: Na haibishi! Upepo ukitoka mnakoelekea, katamarani ya kukodi inapepesuka kama mlevi, mnaishia kuwasha injini. Ndipo mnagundua ratiba ya "fukwe tatu kwa siku" imeandikwa na mtu wa basi. Boti ya mita 12 inakwenda maili 5 au 6 za baharini kwa saa. Maili 20 ni nusu siku, ukibisha ongeza nusu ya njia tena. Na boti hukabidhiwa alasiri. Kuhesabu maboya, kujua vali zilipo na kujaribu injini ni lisaa limoja au zaidi. Siku ya kwanza hamwendi popote, mnalala gatini. Bethidei iwe siku ya pili.

Joshi: Hakuna mwenye haraka huko, Nanga. Ni bethidei, siyo mashindano.

Mleta uzi: Kapiga tena sasa hivi. Kwenye namba ya kwanza. Nikadhani anaomba radhi. Anauliza malizio!

Bi Sitaha: Usimalizie kabla hajakuandikia kuhusu choo.

Mleta uzi: Choo kimeingiaje?

Bi Sitaha: Choo cha boti hakipokei kitu ambacho hakijapita tumboni. Karatasi ndooni, vitambaa vya kufutia ndooni. Bomba lake ni jembamba kuliko mkono wa mtoto, likiziba mnafungua kwa mikono, ndani ya kichumba cha kabati, boti inayumba. Mweleze mwenye bethidei kabla hajaingia.

Kigegezi: Pampu ya mkono au ya umeme?

Bi Sitaha: Ya mkono. Swichi ya pembeni inaelekezwa upande wa maji, unapampu, halafu unairudisha upande mkavu, unapampu tena mpaka beseni likauke. Wengi wanasahau kuirudisha.

Joshi: Wakisahau?

Bi Sitaha: Maji ya bahari yanaweza kupanda yenyewe mpaka yamwagike, usiku, kimya kimya.

Nipo Siti ya Mbele: Nahama siti.

Kigegezi: Halafu vali ya ukutani inafungwa kila baada ya kutumia, au wakati wa safari tu?

Bi Sitaha: Kila baada ya kutumia. Na mwisho wa siku mafuta ya kupikia kidogo kwenye beseni, pampu haitapiga kelele.